Usiiuze cherehani ya bibi kwa kilo

Wanunuzi wa vyuma chakavu hawakosi njia ya kufika kijijini. Wanakuja na mizani ya kuning'iniza na baiskeli yenye magunia, wanapita nyumba hadi nyumba wakiulizia sufuria zilizotoboka, majembe yaliyolika na rimu za baiskeli. Siku wakifika kwenye nyumba yenye cherehani nyeusi iliyosahauliwa stoo, nyuma ya magunia ya maharage, mizani inapata kazi. Kichwa cha cherehani ya zamani peke yake kina kilo 12 au zaidi, na miguu yake ya chuma inazidi hapo. Kwa mwenye mizani hiyo ni mali. Kwa mwenye nyumba ni hela ya sabuni na chumvi, na cherehani imekwenda.

Hasara haionekani siku hiyo. Nyingi ya cherehani zinazodhaniwa zimekufa hazijafa, zimekauka mafuta tu. Zikisafishwa, zikatiwa mafuta na sindano mpya, zinashona kama zilivyoshona kabla ya Uhuru. Tena kuna kazi moja, ile ya kuunga vipande vya vitambaa mpaka vikawa mfarishi wa kujifunika, ambayo zinaiweza kuliko mashine nyingi nyepesi za plastiki zinazouzwa sasa. Ulaya na Marekani washonaji wa mifarishi wameshalijua hilo, wanazisaka minadani na kuzitunza kwa wivu. Nyaishozi haina haja ya kwenda mbali kuzitafuta.

Nyaishozi ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Kyerwa, ambayo watu wa huku bado wanaihesabu kama nyumba moja na Karagwe, ilikatwa kuwa wilaya mwaka 2012. Katika senta za wilaya zote mbili sura ya biashara ni ile ile: duka la bidhaa mchanganyiko, banda la bodaboda, mama lishe, na barazani fundi ameketi nyuma ya cherehani ya kukanyaga, futi kamba shingoni, pasi ya mkaa ikifuka moshi pembeni.

Mwaka wa fundi huyo haufuati kalenda ya ukutani. Unaanza na sare za shule. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na wiki za kufungua shule baraza inajaa vitambaa vya bluu na vyeupe. Halafu kunapoa. Kahawa ikianza kuvunwa, fedha inarudi mikononi na watu wanakumbuka nguo walizoahirisha. Ndiyo maana butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, inamuumiza hata fundi ambaye hana mbuni hata mmoja: fedha ya msimu inakuwa imeshaliwa kabla msimu haujafika. Baada ya mavuno zinakuja harusi, na pamoja nazo busuti, vazi lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana ambalo Kagera inalishiriki na majirani zake wa Uganda. Mwisho Krismasi, kisha mzunguko unaanza upya.

Karibu yote hayo yanashonwa kwa nguvu ya miguu. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda kupitia Masaka, na ingawa miradi ya umeme vijijini imefikisha nyaya mahali pengi, fundi mwenye kichwa hafungi biashara yake yote kwenye soketi. Mashine ya overloki ndiyo inayosubiri umeme. Cherehani haisubiri kitu.

Chombo hiki kilianza na ugomvi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier, mwenyewe fundi nguo, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1830. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris, wakiogopa kunyang'anywa mkate, walivamia karakana yake iliyokuwa na mashine 80 zikishona sare za jeshi, wakaziharibu. Marekani, Elias Howe alisajili mashine ya nyuzi mbili mwaka 1846, na tarehe 12 Agosti 1851 Isaac Merritt Singer akasajili ya kwake. Singer hakuwa wa kwanza, ila alikuwa na mshirika aliyeelewa mfuko wa mtu wa kawaida. Mwaka 1856 Edward Clark aliwaruhusu wateja wachukue cherehani nyumbani na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mkopo wa vyombo tunaoujua leo, wa kabati na televisheni, ulipata umaarufu wake mkubwa kwa cherehani.

Wakati huo Karagwe haikuwa kisiwa. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na nguo ya pamba iliyoitwa merikani, iliyofumwa Marekani na kupitia Unguja, ilikuwa sarafu ya njiani. Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika ikulu ya mfalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika, Bweranyange, na vitambaa vilikuwa miongoni mwa zawadi walizobeba. Kwa hiyo kitambaa cha kiwandani kilishafika Karagwe mashine ya Singer ikiwa na miaka 10 tu. Mashine yenyewe ilichelewa. Ilikuja katika karne ya 20, kupitia maduka ya Wahindi na kupitia misheni, ambako wasichana walifundishwa ushonaji pamoja na kusoma. Ng'ambo ya mpaka, shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905 karibu na Kampala, inatajwa sana katika simulizi za chanzo cha busuti, pamoja na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Waganda wanaliita vazi hilo gomesi hadi leo.

Mwenye kutaka kujua umri wa cherehani yake aanze na namba yake. Singer nyingi zina namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, na mbele ya namba kuna herufi. Kampuni iliweka madaftari ya herufi hizo, na wakusanyaji wa dunia nzima wanayatumia. Herufi Y, kwa mfano, ni ya kiwanda cha Clydebank huko Scotland, miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Namba inayoanza na E ikifuatiwa na herufi nyingine ni ya kiwanda hicho hicho, kuanzia 1935 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Herufi C peke yake inaelekeza Wittenberge, Ujerumani.

Kiwanda cha Clydebank kilistahili kuwa na mji wake. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1885 katika eneo la Kilbowie, na mwaka 1913 kilitoa cherehani zaidi ya milioni 1.3. Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliuangamiza mji kwa mabomu na ghala la mbao la kiwanda likateketea, lakini uzalishaji ukaendelea. Kilifungwa Juni 1980. Kituo cha treni cha hapo bado kinaitwa Singer, na herufi K inayofuata namba ya aina, kama 15K, 28K au 201K, inatokana na Kilbowie.

Kati ya aina hizo, 15K ndiyo ya kuombea. Umbo lake lilinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha na vya China, na mojawapo ya nakala hizo ni cherehani ambayo kila Mtanzania anaijua kwa sura: Butterfly. Kiwanda chake cha Shanghai kina mizizi ya mwaka 1919, na jina la kipepeo lilianza kutumika mwaka 1966. Faida ya undugu huo fundi wa Nyaishozi anaivuna bila hata kuifikiria. Sindano inayouzwa dukani kwa ajili ya Butterfly, ile yenye alama HAx1, inaingia kwenye 15K iliyotoka Scotland miaka 90 iliyopita. Bobini inaingia. Kijumba cha bobini mara nyingi kinaingia. Ni vyombo vichache sana duniani ambavyo kipuri chake kimebaki kile kile muda wote huo.

Zipo nyingine zenye shida. 27K na 28K, zinazozungushwa kwa mkono, zinatumia bobini nyembamba ndefu inayolala ndani ya kifuko mfano wa mtumbwi, na kifuko hicho kikipotea kukipata ni kazi. Sindano yake lakini ni ile ile ya kawaida. Ndiyo sababu mtu anayenunua cherehani ya zamani anatakiwa kufungua kibati cha chini kwanza, aangalie kilichomo, kisha ndipo atamani maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni.

Namna ya kuifufua haina siri, ila inataka subira. Kichwa kinachomolewa kwenye meza na kulazwa juu ya gazeti. Skrubu mbili za bamba la sindano zinafunguliwa, na chini yake, katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, kunakutwa kitu kama blanketi dogo jeusi: vumbi, nyuzi na mafuta yaliyoganda kwa miaka. Hilo linakwanguliwa kwa kijiti na kupigwa brashi. Kila tundu la mafuta linadondoshewa mafuta ya taa, gurudumu linachezwachezwa mbele na nyuma kidogo kidogo, halafu mashine inaachwa ilale hadi kesho. Hapa ndipo wengi wanapoiharibu kwa kulazimisha gurudumu kwa nguvu au kupiga nyundo. Chuma kilichogandana kinaachia chenyewe kikipewa muda. Kesho yake mafuta ya taa yanafutwa yote, kwa kuwa yanasafisha lakini hayalainishi, na ndipo mafuta ya cherehani yanapotiwa. Mafuta ya kula hayafai kabisa. Yanageuka gundi, na mengi ya matatizo ya cherehani za vijijini yalianzia kwenye chupa ya mafuta ya alizeti.

Baada ya hapo sindano. Kwenye 15K na Butterfly upande bapa unaelekea kulia na uzi unaingia kutoka kushoto. Ikigeuzwa, cherehani inaruka, na mwenyewe anaamini imeharibika. Mkanda wa ngozi ukiwa umekatika, ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unasukuma gurudumu vizuri tu. Uzi ukijifunga mafundo chini ya kitambaa, tatizo liko juu: uzi wa juu haujabanwa. Fundi mzuri anayasoma hayo kwa sikio, akikanyaga mara tatu nne bila kitambaa.

Sasa mfarishi. Wazo lake ni rahisi: tabaka tatu, ya juu iliyoungwa kwa vipande, ya kati yenye joto, ya chini ya kitambaa kimoja, zikishonwa pamoja ili zisitembee. Juni na Julai usiku wa vilima vya Karagwe una baridi ya kutosha kumfanya mtu aulize habari za blanketi la pili, na blanketi kuukuu lililochanika pembeni ndilo linalofaa hasa kuwekwa katikati. Malighafi ya tabaka la juu inafagiliwa kila jioni chini ya meza za mafundi: mabaki ya vitenge, khanga, poplini ya sare, kitambaa cha suruali. Mengi yanawashia moto.

Hesabu yake ni hii. Chukua kitanda cha tano kwa sita. Kata miraba ya inchi 5, uunge tisa tisa kwa mshono wa robo inchi, tatu kwa tatu. Kila mraba ukishashonwa pande zote unabaki inchi 4 na nusu, na kitalu cha miraba tisa kinakuwa inchi 13 na nusu. Vitalu 30, vitano kwa upana na sita kwa urefu, vinatoa mfarishi wa inchi 67 na nusu kwa 81, unaofunika godoro na kuning'inia inchi chache kila upande. Ni vipande 270. Fundi aliyezoea kushona sare hatishwi na idadi hiyo.

Kinachomtia mtu adabu ni robo inchi. Mshono ukipanuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mraba unapungua mara mbili ya hapo, na kwenye mstari wa miraba 15 karibu inchi 2 zimepotea. Mstari wa juu haukutani tena na wa chini. Hapa ndipo cherehani ya zamani inapojitofautisha. Inashona mshono mmoja tu, wa kunyooka, na bamba lake lina tundu dogo la duara, kwa hiyo kitambaa chepesi hakivutwi kuzama ndani kama kinavyovutwa kwenye mashine ya zigizaga yenye ufa mpana. Sindano inapanda na kushuka bila kuyumba, kwa kuwa kila kinachoishika ni chuma. Mkono ukizungusha gurudumu pole pole, mshono unasimama pale pale unapotakiwa. Kipande cha plasta kikibandikwa juu ya bamba, robo inchi kutoka kwenye sindano, hata mwanafunzi ananyoosha. Tabaka zote tatu zikishapangwa, sindano namba 14 inabadilishwa na 16 au 18, urefu wa mshono unaongezwa, na ushonaji unaanzia katikati kwenda pembeni ili blanketi lisijikunje.

Na ujuzi wa hatua ya juu kabisa, ule wa kuchora maua na mawimbi kwa uzi juu ya mfarishi, tayari upo. Anayedarizi mashuka anaufanya kila siku: anashusha meno au kuyafunika kwa kibati, anakaza kitambaa kwenye fremu ya duara na kukisogeza kwa mikono yake miwili huku miguu ikikanyaga. Washonaji wa Marekani wanalipia madarasa kujifunza jambo hilo. Mdarizi wa mashuka anahitaji kubadilisha kitambaa tu.

Kikwazo kiko kwingine, na kinahitaji kusemwa waziwazi. Kiraka kina aibu yake. Walio na umri wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika madukani na suruali ikavaliwa ikiwa na viraka magotini na makalioni. Mitumba ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, kiraka kilitupwa kwa furaha, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu waliokitupa. Mama wa Nyaishozi hatampelekea bi harusi zawadi inayokumbusha dhiki. Kwa hiyo mfarishi ukitaka kuingia nyumba za huku lazima uingie kwa heshima: vitambaa vipya, rangi zilizopangwa, pembe zinazokutana. Mlango wake wa asili ni sebule, palipo na vitambaa vya makochi ambavyo wanawake wamevifuma na kuvidarizi kwa fahari miaka yote, na baada ya hapo kitanda cha mtoto mchanga.

Kwamba kazi hii si ya kigeni kwa Waafrika wa mashariki, ushahidi uko hata nje ya bara. Mtu aliyewaongoza Speke na Grant hadi Karagwe mwaka 1861 aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi. Jina Sidi linabebwa hadi leo na jamii za India zenye asili ya Afrika. Katika jimbo la Karnataka, wanawake wa Kisidi wanashona mfarishi uitwao kawandi, wakitumia nguo za zamani za familia. Wanashona kwa mkono, wanaanzia ukingoni na kuzunguka mpaka wafike katikati, kinyume kabisa na njia ya cherehani, na wanamalizia pembe kwa vipande vidogo vilivyokunjwa. Mifarishi hiyo imeshaonyeshwa katika nyumba za sanaa, lakini ilianza kama kitu cha kumfunika mtoto.

Vivyo hivyo Gee's Bend, kijiji cha watu weusi huko Alabama, ambako wajukuu wa watumwa waliunga suruali za kazini na magunia. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na wahakiki wakazipokea kama michoro mikubwa ya kisasa. Karibu zaidi na nyumbani, Amani ya Juu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanawake wengi wao wakimbizi wa vita, imejijengea jina kwa mifarishi na bidhaa za vitambaa vya Kiafrika. Wao wanauza kwa watalii na wateja wa nje. Karagwe haina watalii wengi, na si busara kuanzisha kikundi kwa kumtegemea mgeni ambaye hajafika. Kitanda cha tano kwa sita kiko katika kila kijiji.

Swali la nani atazitengeneza cherehani hizo ni zito kuliko la nani atanunua. Kagera imepokea cherehani nyingi za msaada. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani humo mwaka 1983 na familia nyingi kubaki na yatima, makanisa na mashirika yaliufanya ushonaji kuwa moja ya njia za kumpa msichana riziki, na cherehani ikawa mtaji wake wa kuanzia. Nia ilikuwa njema na wengi walisimama kwa sababu yake. Lakini mashine inayotolewa bila mtu wa kuifungua ikigoma ina maisha mafupi. Ikiruka mwezi wa tatu na fundi wa karibu yuko safari ya nauli mbili, inawekwa stoo, na mwenye mizani anaisubiri.

Wapo walioliona hilo. Shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1979, limepeleka Afrika, Tanzania ikiwemo, zana za mikono na cherehani zilizokusanywa majumbani mwa Waingereza na kukarabatiwa na watu wa kujitolea. Tools for Solidarity la Belfast, lililoanza mwaka 1984, lilikwenda hatua moja zaidi na kusaidia mafunzo ya ukarabati wa cherehani jijini Mwanza. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Singer iliyovuka bahari haina faida kuliko ile iliyoko stoo Nyaishozi, ikiwa zote mbili hazina wa kuzifungua. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha ushonaji. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Bukoba. Kufundisha vijana wachache kwa kila tarafa kufungua, kusafisha na kupanga cherehani ni kazi ya wiki chache kwa kijana anayejua tayari kutengeneza baiskeli, na vifaa vyake vinajaa kwenye mfuko mmoja: bisibisi tatu, brashi, koleo ndogo, chupa ya mafuta.

Fedha pia ipo, kwa kikundi kilichojipanga. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Maandiko ya vikundi vya ushonaji mara nyingi yana sura moja: cherehani mpya kadhaa, robota za vitambaa, kodi ya chumba. Kikundi cha Nyaishozi, au cha Nkwenda huko Kyerwa, kinaweza kuandika tofauti. Kipite kwanza nyumba za wanachama kuorodhesha cherehani zilizolala, kila moja na namba yake, aina yake na kinachopungua. Kinunue vipuri vya zile za 15 na ndugu zake, kiache za bobini ndefu mpaka baadaye, kimlipie kijana mmoja mafunzo ya ukarabati, na fedha itakayobaki inunue overloki moja ya kutumia pamoja siku umeme ukiwepo.